Nani Amfuate Nani

Makocha wawili waliokuwa mashemeji walikaa misimu miwili bila kupeana mkono, na kilichowagombanisha ni adabu.

Magazeti yaliandika mengine. Yalisema walitukanana, yakasema walinyang'anyana mchezaji. Ukweli ni kwamba siku ile timu ya Komeo ilishinda ikiwa nyumbani. Komeo ni jina alilopewa na wapinzani, kwa sababu timu zake zikishatangulia kufunga bao, lango linafungwa na mashabiki wa upande wa pili wanaweza kwenda zao kufua nguo. Kipenga cha mwisho kilipolia, Komeo alisimama kando ya benchi lake, akaweka koti vizuri, akamsubiri shemeji yake. Kwa kanuni yake, aliyefungwa ndiye anayemfuata aliyeshinda, maana mshindi akimkimbilia mwenzake huonekana anakwenda kumcheka.

Upande wa pili, shemeji naye alikuwa amesimama. Huyu wachezaji walimwita Rula, kwa jinsi alivyopenda kuchora mistari ubaoni. Kwa kanuni yake yeye, mwenyeji ndiye anayemfuata mgeni, kama unavyomsindikiza mtu aliyekuja kwako hata kama mazungumzo hayakuwa mazuri.

Wakasubiriana. Wachezaji wakaondoka, waokota mipira wakaondoka, mtunza uwanja akaanza kufungua nyavu. Mwishowe kila mmoja akaingia ndani kwa mlango wake huku moyo unamuuma, akaenda kusimulia jinsi alivyodharauliwa mbele ya umma. Mke wa Komeo ni dada yake Rula, kwa hiyo alisimuliwa jambo hilo mara mbili jioni ileile, na mume wake sebuleni na kaka yake kwenye simu, kwa maneno yaleyale.

Baada ya hapo Rula alikwenda kufundisha mbali. Msimu huu alirudi na timu mpya, na ratiba ikampangia kumkaribisha Komeo kwenye uwanja wake, wiki moja kabla ya harusi ya binti wa Komeo.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa chekechea. Alimkuta baba yake sebuleni akirudisha nyuma video ya mechi kutazama kona ileile kwa mara ya kumi, akamchukulia rimoti mkononi, akakaa mbele ya televisheni. Mjomba, alisema, amekataa kuja harusini. Hawezi kukaa meza moja na mtu aliyemnyima mkono mbele ya kamera. Ameahidi kutuma zawadi.

Komeo alisema zawadi si haba.

Binti alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyemng'ata mwenzake. Akamkumbusha ni nani aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na ni nani aliyempeleka hospitali mgongoni siku alipovunjika mkono, baba yake akiwa kambini na timu. Kisha akashusha sauti.

"Baba, mimi sichagui kati yenu. Msipopeana mkono siku ya mechi, nitaingia ukumbini peke yangu. Wewe utakaa na wageni waalikwa."

"Na mjomba wako umemwambia hivyo?"

"Mjomba niachie mimi. Wewe shughulika na mkono wako."

Komeo alikuwa mtu wa sala. Hakuwa akisali kwa kujionyesha. Alikuwa na mahali pake, stoo ya jezi kwenye uwanja wa mazoezi, katikati ya koni na mipira isiyo na upepo, na mtunza vifaa alishazoea kugonga kabla ya kuingia. Wiki ile alisali humo kila asubuhi. Alimwomba Mungu amwondolee kiburi, na kwa kuwa alikuwa mkweli akasema wazi kwamba kiburi chenyewe anakipenda, kwa hiyo kazi haitakuwa rahisi.

Siku ya nne alihisi amejibiwa. Alikuwa akifunga kamba ya mfuko wa mipira, mara moyo ukawa mwepesi, na akajua la kufanya. Ataiacha kanuni yake na kuifuata ya shemeji. Mwenyeji amfuate mgeni, basi na iwe hivyo. Yeye ndiye mgeni. Matokeo yakiwa yoyote, atasimama mahali pake kwa upole, ampe shemeji nafasi ya kuja.

Alikwenda nyumbani karibu anaruka, akamweleza mke wake. Mama watoto alikuwa anakunja shuka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unyenyekevu wenyewe ni kusimama," alisema.

Komeo alimfafanulia kwa subira kwamba kwa sheria za Rula, mgeni akitangulia kwenda anampora mwenyeji heshima yake. Mke wake alimpa ncha mbili za shuka ashike.

Siku ya mechi Komeo alijifungia chooni kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, maana ndipo palipokuwa kimya. Aliomba mkono wa shemeji. Halafu akaona, kwa kuwa yuko hapo tayari, aombe na pointi tatu.

Pointi hazikuja. Mchezo ulikuwa mgumu, timu zote mbili zimebana kama zimegandishwa kwa gundi, na kila mtu uwanjani alikuwa ameshakubali sare. Katika dakika za nyongeza mshambuliaji wa Rula alipiga shuti la hovyo lililokuwa linakwenda kwa mashabiki. Likamgonga makalioni beki wa Komeo, aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, likaingia wavuni taratibu kama mtu anayerudi kwake. Kipenga kikalia.

Komeo alifunga koti, akasimama kando ya benchi, akatabasamu kuelekea upande wa pili ili shemeji aone kwamba njia ni nyeupe.

Rula alikuwa amesimama kando ya benchi lake. Naye alikuwa anatabasamu.

Hakusogea.

Wapiga picha wakajipanga katikati, kamera nyingine huku, nyingine kule, wakigeuza shingo kama watu wanaotazama tenisi. Komeo aliongeza tabasamu. Rula naye akaongeza. Wachezaji walikwishabadilishana jezi, na yule beki alikuwa amekwenda kujificha bafuni. Kocha msaidizi akamsogelea Komeo, akamnong'oneza kwamba waondoke, huyu mtu ameshinda na bado anataka kumsimamisha kama mwanafunzi aliyechelewa. Komeo alihisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Amejishusha kiasi hiki, amefungwa kwa makalio, na bado anadharauliwa.

Akageuka aende zake. Hapo akawaona jukwaani. Mke wake alikuwa amejifunika uso kwa mkoba. Binti yake hakujifunika. Alikuwa ameshika chuma cha mbele kwa mikono miwili, anamtazama baba yake bila kupepesa, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kidogo, kama zamani alipokuwa mdogo na hataki watu wajue kwamba analia.

Komeo akatazama chini. Aliona viatu vyake, na mstari mweupe mbele ya viatu. Misimu miwili nyuma kiburi kilimsimamisha hivihivi, nyuma ya mstari kama huu. Leo unyenyekevu ulikuwa umemsimamisha palepale, na kwa mtu aliyekaa jukwaani hapakuwa na tofauti yoyote.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo, "kumbe nilikuomba miguu."

Akauvuka mstari. Kocha msaidizi alimshika koti, koti likabaki mikononi mwake. Komeo akatembea mbele ya kamera zote akiwa na shati lililolowa jasho. Alipofika katikati, Rula akashtuka, akatazama nyuma kana kwamba anayefuatwa ni mtu mwingine, kisha na yeye akaanza kuja, kwanza kwa mwendo wa kawaida, halafu mbio.

Walishikana mikono, na hakuna aliyeachia.

"Shemeji, mbona ulikuwa umesimama?" aliuliza Komeo. "Mimi si mgeni wako?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Si umefungwa? Hiyo si ndiyo kanuni yako?"

"Kanuni yangu unaifuatia nini?"

"Mtoto alikuja kwangu akalia. Nikasema basi, safari hii nitafuata ya baba yake. Na wewe ulikuwa unafuata ipi?"

"Yako."

Walitazamana. Rula ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kukosa pumzi, na Komeo akamfuata mpaka ikabidi waegemeane. Jukwaani watu walifikiri wanapigana, baadhi wakasimama waone vizuri.

Rula alisema suti ya harusi ameshashona, tangu mwezi uliopita. Alikuwa anatafuta tu namna ya kuivaa. Kisha akasema, kwa kweli, akifikiri vizuri, kanuni ya Komeo ina mantiki zaidi. Komeo akasema hapana, ya shemeji ndiyo yenye utu. Rula akasema asimbishie. Komeo akasema habishi, anamweleza. Waliendelea hivyo, mikono imeshikana, mpaka mlangoni mwa njia ya kuingilia vyumbani, na hapo wakakwama. Rula alitaka mgeni atangulie. Komeo alitaka mshindi atangulie. Nyuma yao waamuzi na wapiga picha wakasongamana wakisubiri kupita.

Kule juu, binti alijifuta macho. Alimuuliza mama yake ule ukumbi wa harusi una milango mingapi.

"Mmoja," alisema mama yake, akarudisha mkoba usoni.