Mahali pa Cherehani

Cherehani ya mama yake ilikuwa inachechemea. Si kwa mguu, la. Ilichechemea kwa sauti. Taka-taka-ta, inameza pigo moja, halafu taka-taka-ta tena, kama mtu anayesimulia jambo huku anatafuna. Ndiyo maana jioni ile, alipokuwa akirudi kutoka kiwandani na mtoto mgongoni, aliisikia sauti hiyo, na miguu yake ikasimama mbele ya kibanda cha fundi wa mashine kabla akili haijaiambia isimame.

Fundi alikuwa ameinama, anaijaribu mashine nyeusi kwa kipande cha kitambaa.

"Hodi, fundi. Hiyo umeitoa wapi?"

"Kila kitu humu kimetoka kwa mtu, mwanangu. Hiyo imepita mikono mingi kuliko noti."

Aliingia bila kukaribishwa, akachuchumaa, akapapasa chini ya meza ya mbao ya mashine. Paka wake alikuwepo. Alimchora kwa msumari utotoni, na sharubu zilikuwa za upande mmoja tu, kwa sababu kiboko kilifika kabla hajamaliza upande wa pili.

"Niwekee," alisema, akimwonyesha fundi yule paka.

Fundi alimtazama, akaitazama mashine. "Mpaka mwisho wa mwezi. Kuna binti anaolewa ameshaiulizia. Nakuheshimu, lakini paka hanilishi."

Usiku huo alifagia pembe ya dirishani. Alihamisha ndoo, akaning'iniza kanga mahali pengine, akapaacha peupe.

Kiwandani hawakuitana kwa majina. Kila mwanamke aliitwa kwa kipande anachoshona. Yeye alikuwa Kola. Rafiki yake, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa Kifungo. Kulikuwa na Mkono, na Pindo, na mmoja mpole kama maji ya mtungini aliyeitwa Tundu kwa sababu alitoboa matundu ya vifungo, na jina lilimwonea kabisa.

Siku zile Kola alishona makola huku mawazo yakiwa nyumbani kwao, nyumba ya zamani, ambako cherehani ilikaa dirishani na mama akakaa nyuma yake, uzi mdomoni, akijibu salamu za wapita njia kwa nyusi. Ilikuwa ndiyo saa yao: ikinyamaza asubuhi walijua chai iko tayari, ikinyamaza jioni walijua mama anatafuta kiboko.

Na kila shida ilipoingia mlangoni, cherehani ilitoka kwenda rehani. Baba alipovunjika mguu, ilitoka. Upepo ulipobeba mabati, ilitoka. Mchukuzi alikuja akaibeba kichwani, mama akamsindikiza mpaka njiani kama anayeaga mgeni. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake. Kola na kaka yake hawakuelewa kitu. Wao walifurahi dirisha limekuwa lao, wakasimama katikati ya zile alama nne wakaimba, wakacheza, wakawatania majirani. Kisha mama alishona kwa mkono, akabana huku, akabana kule, na siku moja wakitoka shule walisikia taka-taka-ta tokea njiani, wakakimbia.

Mara ya mwisho ilipotoka, mgonjwa alikuwa Kola mwenyewe. Homa ilimpanda kichwani, akawa anaongea na ukuta. Alipopona, mahali pa cherehani palikuwa na kigoda na kitambaa cha maua. Alisubiri kuisikia; haikurudi. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Ni kwa ajili yako." Ila mtoto naye ana akili zake.

Basi, sasa aliiona njia. Tangu mwanzo wa mwaka kiwanda kilikuwa kimeanzisha mfuko wa dharura. Anayetaka anakatwa kidogo kwenye mshahara, fedha zinakaa kwa jina lake, na shida ikimpata anazitoa siku hiyo hiyo bila kumpigia mtu magoti. Na atakayehudhuria masomo yote ya fedha, kila Jumatano baada ya kazi, kiwanda kitamwongezea nusu ya alichoweka. Akiba yake peke yake haikutosha kuikomboa mashine. Akiba na ile nusu, ilitosha. Zilibaki Jumatano chache.

Mwalimu alikuwa msichana kutoka ofisini, wakamwita Dada Akiba. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza za kantini, akaanza kwa tabasamu: "Wapendwa, haba na haba…"

"Hujaza kibaba!" walimalizia wote kwa kuchoka.

"Tumeisikia tangu tunanyonya," alisema Pindo. "Sisi haba tunazo, mdogo wangu. Tuonyeshe kibaba."

Walicheka mpaka mpishi akachungulia. Dada Akiba naye alicheka, na tangu hapo wakampenda.

Shida ilikuwa watoto. Mama mlezi wa watoto pale kiwandani alifunga mlango wake kazi ilipoisha, akawaleta watoto getini, na lazima mtu awe kwenye benchi kuwapokea. Kola na Kifungo wakafanya walivyozoea kufanya kwenye laini ya ushonaji. Pale kiwandani, mtu akitoka kidogo, aproni yake yenye namba inatandazwa juu ya kiti, maana yake: mwenye kiti yupo, amekwenda msalani. Msimamizi anahesabu aproni, anaridhika. Waliuita mtindo huo kubebana. Kwa hiyo Jumatano hii Kola aliingia darasani na aproni mbili, moja mwilini, moja kwenye kiti cha jirani. Jumatano ya pili akaingia Kifungo. Dada Akiba alipita kati ya meza akiandika namba. Hakuna aliyeona ubaya. Tangu lini kubebana kukawa ubaya?

Jumatano iliyofuata zamu ya darasa ilikuwa ya Kifungo. Alitoka mbio, mvua inaanza, akamrushia mwenzake aproni, kila mtu akamfunika mwanawe na kushika njia yake.

"Leo tumefundishwa nini?" Kola aliuliza huku anakimbia.

"Namna ya kuzitoa! Nitakwambia kesho, shoga, nalowa!"

Kola alikuwa na desturi moja. Mfuko wa aproni yake haukukosa pipi, ile nyeupe ya mviringo, na mtoto alijua. Wakifika nyumbani, kabla hata ya viatu kuvuliwa, kimkono kinazama mfukoni na kutoka na ushindi. Jioni ile kimkono kilizama, kikatoka, kikaenda mdomoni, na Kola akiwa anafungua dirisha alisikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Aligeuka. Mtoto amekodoa macho, na pumzi inapiga mluzi. Kola alimwinamisha, akampiga mgongoni, hakikutoka kitu. Ndipo akaiona aproni. Haikuwa yake. Sakafuni vilikuwa vimetawanyika vifungo vya shati, vyeupe, vya mviringo.

Hata leo hajui alifikaje hospitali, wala viatu vyake alivipotezea wapi. Daktari alisikiliza kifua, akapiga picha, akasema kifungo kimeingia njia ya hewa. Kitatolewa sasa hivi, wakati mtoto bado anavuta pumzi. Mama apite dirisha la malipo.

Kola alisimama katikati ya korido na simu mkononi. Fedha alikuwa nazo. Zilikuwa zake, kwa jina lake. Na somo la namna ya kuzitoa lilifundishwa jioni ile ile, yeye akiwa benchini getini.

Alimpigia Kifungo.

"Mtoto amemeza kifungo. Kilikuwa kwenye aproni yako. Niambie namna ya kuzitoa."

Halafu Kifungo, mwanamke ambaye hajawahi kusema sentensi bila utani, alisema polepole kama anamshika mkono mtu kwenye ngazi: "Nisikilize. Usilie sasa, utalia baadaye, nitakuja tulie wote. Kuna namba nyuma ya kadi yako ya kazi. Ipigie. Taja namba yako. Watakuuliza dharura gani, wewe sema mtoto hospitalini. Basi. Hawaulizi zaidi. Nimeuliza mara mbili darasani, Dada Akiba akanichoka."

Alipiga, akataja, akasema. Fedha zikaingia kwenye simu kabla yule wa dirishani hajamaliza kuandika risiti ya mtu wa mbele yake. Kola alizilipa. Hakuikumbuka cherehani hata kidogo. Ilimjia baadaye sana, kifungo kikiwa ndani ya kichupa mkononi mwa muuguzi na mtoto amelala, pumzi yake laini, haina mluzi. Ilimjia kama mtu anayebisha hodi na kusema, "Basi, nilikuwa napita tu."

Kifungo alifika amelowa chapachapa. Alimkumbatia, akalia yeye kwanza.

"Nimeua mtoto wa watu!"

"Hujaua mtu. Huyu hapa anakoroma kama babu yake."

"Vifungo vyangu, jamani!"

"Na uzembe wangu. Tulikuwa tunabebana, tumebebana mpaka mifuko."

Jumatano iliyofuata walikwenda wote wawili mbele ya Dada Akiba, kila mmoja na aproni yake mwilini, wakamweleza. Msichana wa watu aliuma kalamu.

"Kwa hiyo nimekuwa nikifundisha viti," alisema.

"Viti vimeelewa sana," Kifungo alisema, akajutia palepale.

Dada Akiba alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akanyooka. "Nyongeza siwezi kuwapa. Kila mmoja atarudia na kundi lijalo masomo aliyoyakosa, mwili mzima, si aproni. Na watoto waje humu ndani. Pembe ile pale tutaweka mkeka. Kosa la kuwaacha getini lilikuwa langu, sikuuliza." Alimgeukia Kola. "Na wewe endelea kukatwa hata kidogo. Ulichotoa ulikiweka kwa ajili hiyo."

Mwisho wa mwezi Kola alipita kibandani. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Palikuwa na feni mbovu pale mashine ilipokuwa.

"Binti ameichukua jana," fundi alisema. Kisha, kama aliyeona deni usoni mwa mtu: "Nilimwonyesha paka. Amesema atamwacha hivyo hivyo."

Jumapili mama yake alikuja kumwona mjukuu. Alimkagua mtoto kifua, shingo na meno, akaridhika, akaketi. Macho yake yakaenda dirishani.

"Hapo mbona peupe? Umeuza nini?"

Kola alimwambia. Alianza na sauti ya mashine, akafika kwa paka, akafika hospitalini, akafika kwenye feni mbovu. "Nilitaka kuirudisha kwetu, mama. Ilitoka kwa ajili yangu."

Mama yake aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Kola akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilikuchapa kwa ajili ya paka? Na alikuwa paka mzuri!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, ile haikuwa cherehani tu. Ndiyo iliyokuwa mfuko wetu wa dharura. Hatukuwa na Dada Akiba. Kazi yake ilikuwa kuondoka ili ninyi mbaki. Ile siku ya mwisho nilimsindikiza mchukuzi mpaka njiani, nikarudi na dawa, na asubuhi nikakukuta umekaa kitandani unaomba uji. Unafikiri niligeuka nyuma kuitazama mashine?"

"Lakini uliweka kigoda na kitambaa cha maua."

"Mlikuwa mnaniharibia dirisha kwa kuruka-ruka! Ningefanyaje?"

Wakati huo mtoto alikuwa ameshuka mapajani. Alitambaa, akasimama kwa kushika ukuta, akaingia katika ile pembe tupu ya dirishani ambayo mama yake aliifagia kwa matumaini. Alitazama nje. Mwuza maji alikuwa anapita na mkokoteni. Mtoto alimpigia kelele isiyo na neno hata moja, akaruka kwa magoti yaliyolegea, akageuka kuona kama wanamtazama.

Walikuwa wanamtazama.

"Tena!" bibi yake alisema, akapiga makofi, na bila kujua akayapiga kwa kuchechemea.

Kola alinyanyuka, akaitoa aproni yake kwenye msumari, akaingiza mkono mfukoni, akapapasa mpaka pembeni. Akakuta pipi moja. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama vizuri pande zote mbili, akaivunja katikati, ndipo akampa mtoto nusu.