Ngozi ya Mwalimu Mukhtar

Kila asubuhi Zahra alikung'uta shuka uani kabla binti yao, Ruba, hajaamka. Magamba ya ngozi ya mumewe yalimwagika kama unga, akayafagia haraka. Alianza kufanya hivyo akiwa na mimba ya Ruba, na sasa Ruba alikuwa darasa la pili.

Mukhtar alikuwa mwalimu wa madrasa mjini Lamu. Mabaka mekundu yalimwanzia viwikoni, yakapanda kichwani, yakashuka mgongoni hadi miguuni. Alivaa kanzu hata joto likizidi, na msikitini aliswali mwisho wa safu, karibu na ukuta, asimkere mtu. Baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto wao. Kinyozi alimwambia kwa upole kwamba wateja wanaogopa. Zahra naye aliacha kwenda harusini, maana kila alipokaa aliulizwa kama naye keshaambukizwa. Walijaribu mwarubaini, habasoda, kombe la kunywa lililoandikwa aya, na malhamu za dukani. Muwasho ukarudi palepale.

Kisha wakasikia kwamba daktari wa ngozi atakuja hospitali ya Mokowe, ng'ambo ya maji. Mukhtar hakutaka.

"Nivue nguo mbele ya mtu, aniambie nini ambacho sijaambiwa?"

"Akikwambia yale yale, twarudi na boti ya mtana, kabla ya alasiri," Zahra akamjibu.

Daktari alikuwa kijana wa bara, jina lake Phineas. Mezani palikuwa na boksi la glavu, na Zahra akangoja azivae. Hakuzigusa. Alinawa, akakausha mikono, kisha akaweka kiganja kizima mgongoni mwa Mukhtar na kukitelezesha polepole toka begani hadi kiunoni.

Kwa miaka yote ile hakuna mtu mwingine ila Zahra aliyeigusa ngozi hiyo. Mabega ya Mukhtar yakaanza kutetemeka.

"Nimekuumiza, Mwalimu?"

"La. Endelea, daktari. Endelea tu."

Alipomaliza akasema, "Ugonjwa huu unaitwa soriasisi. Hauambukizi. Ngozi yako inaota kwa haraka kupita kiasi. Sitakudanganya kwamba utaisha, lakini tunaweza kuutuliza."

Kisha akamgeukia Zahra. "Na wewe, mama, unalala?"

Zahra alifungua kinywa kumjibia mumewe, kama alivyozoea. Ndipo akatambua kwamba anayeulizwa ni yeye.

"Silali," akasema, na machozi yakamtoka. "Akijikuna niko macho. Namshika mikono asijitoe damu."

Mukhtar akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Nilidhani wanishika usingizini," akasema.

Alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki na mafuta ya kupaka, na akaambiwa awe akipimwa damu. Mwanzoni dawa ilimtia kichefuchefu, akakaribia kuiacha. Halafu mabaka yakaanza kufifia, moja baada ya jingine. Siku moja Zahra alisikia kelele za Ruba darini, akimwita aje.

"Mama! Mama, ndoo utizame!"

Alipanda ngazi mbio. Mukhtar alikuwa ameketi juani bila fulana, na Ruba amesimama nyuma yake, mdomo wazi. Mgongo ulikuwa laini, mweusi, umetapakaa madoa hafifu pale palipokuwa na mabaka.

"Subhanallah," Zahra alinong'ona. Akaona haya ghafla, kama bibi harusi.

Baada ya Ramadhani baka moja lilirudi kiwikoni. Zahra alilipaka mafuta, na Mukhtar akaenda madrasa amekunja mkono wa kanzu. Wanafunzi wote walilikodolea macho baka lile. Mahir, aliyeketi mbele, ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Mwalimu, yauma hiyo?"

"Yawasha."

"Kama mbu?"

"Kuliko mbu. Wataka kuigusa? Haiambukizi."

Mahir akanyoosha kidole. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshasimama, wakisukumana, kila mmoja akitaka zamu yake.