Pipa la Krismasi Mwezi wa Agosti

Mimi simwamini mtu anayekuja na karatasi. Mhubiri Tolliver alikuwa mweusi kama sisi, watumwa wa juzi, lakini karatasi anayo. Alitaka wanaume wetu waape kwenye karatasi hiyo kuacha pombe, kisha Jumamosi, siku ya mwisho, waende mjini kuandikishwa kupiga kura.

"Dada Dorcas," akaniambia, "kura ndiyo itakayochagua watunga sheria."

"Na huko chini, kwenye herufi ndogo, pameandikwa nini?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Januari, mume wangu Ishmael alitia msalaba, sahihi yetu tusiojua kusoma, kwenye karatasi ya Bwana Harlan, mzungu aliyekuwa akitumiliki, tukasomewa kwamba ni ya kulima pamba. Kumbe tumempa binti yetu Keziah awe mtumishi wake mpaka atimize miaka kumi na minane. Tangu hapo Ishmael aliapa hashiki kalamu tena, nami nikamuunga mkono. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumamosi asubuhi Bwana Harlan akatuletea pipa la wiski, bure. Wanaume wakalizunguka, wanataniana.

"Mhubiri akija mwambieni tunasali," akasema mmoja.

Tangu utumwani, pipa la Harlan huja Krismasi tu. Hii ilikuwa Agosti. Nikamfuata Ishmael, kikombe tayari kiko mkononi mwake.

"Baba Keziah, leo Krismasi?"

"Mke wangu, usinianze."

Aliyekuwa akichota wiski ni Keziah mwenyewe. Alimjazia baba yake bila kuinua macho, akasema polepole, "Baba, bwana kaniambia kikombe chako kisikauke mpaka jua lizame. Chako na cha kila mwanamume."

Ishmael alimwangalia mtoto yule mpaka nikaona haya kutazama. Akamwaga wiski chini. Wanne wakamfuata; wengine wakabaki wakinywa. Tukatembea maili tisa.

Mjini, karani alimsogezea daftari la wapiga kura. Yule aliyeapa hashiki kalamu, Mungu ananiona, akaishika, msalaba akautia.

Nje tukamkuta Tolliver na ile karatasi yake ya pombe.

"Isome," nikamwambia. Akasoma.

"Isome tena."

Akasoma tena, neno kwa neno lile lile. Nikaichukua kalamu nikatia msalaba wangu mimi, maana kwenye lile daftari la ndani sisi wanawake hawatuandiki. Kisha tukageuka kurudi, kwa sababu Keziah alikuwa bado anachota.