Sauti Nzito Mbili

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Alhamisi asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya mashine ya kutoa nakala, nachomoa karatasi iliyokwama. Mzigo wako umefika. Chini yake zikafuata gharama: ushuru wa forodha, ada ya kushughulikia mzigo, ada ya kuhifadhi ghalani kwa kila siku, na moja ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu, ada ya kunyanyua mzigo mzito. Nilijumlisha mara mbili nikidhani kidole kimeteleza. Jumla ile ingetosha kununua kodiani nyingine nzima, na chenji ikabaki ya kumshonea mpigaji suti.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Mzigo wenyewe ulikuwa vipande viwili vya chuma, kila kimoja kirefu kama kidole changu cha kati.

Kodiani ni ya mjomba, kaka yake mama. Ni kinanda cha mkono, cheusi, mvukuto wake umetiwa viraka mara nyingi mpaka viraka vimekuwa pambo. Mjomba ni fundi viatu, na viraka vile ni vya ngozi ya viatu. Upande wa kulia kina sauti nyembamba, upande wa kushoto sauti nzito, kila sauti na kibamba chake cha chuma, na mbili kati ya zile nzito zilikuwa zimekatika. Ukibonyeza hapo ulisikia pumzi tu, kama mtu aliyefungua mdomo akasahau alichotaka kusema. Hapa kwetu hakuna anayeziuza. Nikatafuta kwenye simu siku tatu, nikazipata nchi ya mbali, nikaziagiza.

Haraka yote ilikuwa ya mama. Jumamosi mama alikuwa anaolewa. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na moja, mpishi mkuu wa shule, mwanamke anayeonja mchuzi wa watu mia nne bila kukunja uso, na sasa alikuwa amekubali posa ya fundi saa wa mtaa wa pili, mwanamume mpole aliyeitengeneza saa yetu ya ukutani mara nne ingawa haikuwa mbovu. Mama hakutaka gari la maua wala keki ya ghorofa. Alitaka kitu kimoja: aingie ukumbini kaka yake akimpigia ule wimbo aliomtungia utotoni, siku aliyokuwa akijifunza baiskeli. Wimbo wenyewe unasimama juu ya zile sauti nzito mbili, moja mguu wa kulia, nyingine mguu wa kushoto. Ukiziondoa, anayetembea anabaki hewani.

Mjomba alikuwa ameshaapa. Hampigii dada yake wimbo wenye mapengo. Kama sauti hazitafika, atakaa viti vya nyuma kabisa, mikono mitupu, kama jamaa wa mbali aliyealikwa kwa kuonewa huruma. Mama aliposikia akasema sawa, basi na yeye ataingia kwa mlango wa jikoni, maana ndiko alikozoea. Walikuwa hawajasemeshana tangu Jumatatu. Wote wawili wana vichwa vigumu, tena kwa zamu, kwa hiyo nyumbani hapakosi mtu wa kununa.

Nilimkuta mjomba kibandani kwake, misumari imebanwa midomoni. Akaisoma ile hesabu polepole. Kisha akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, jambo ambalo hulifanya tu anapotaka kusema neno la maana.

"Hizi sauti," akaniuliza, "wamezikodia ndege ya peke yake?"

Nilikuwa nimeanza kushuku kitu. Fomu nilijaza mimi. Kampuni ya usafirishaji ilikuwa imenitumia sehemu ya kueleza bidhaa kwa maneno machache, kwa lugha yoyote ninayoitaka. Wengi hapo hukimbilia lugha za wenyewe, wakidhani mashine itawaheshimu zaidi. Mimi nina diploma, na kubwa kuliko diploma, nina lugha yangu. Nikaandika kwa Kiswahili safi kisicho na doa: Sauti nzito mbili. Nikakisoma mara tatu kile nilichoandika, kikanipendeza, nikatuma.

Ijumaa asubuhi tulikuwa ghalani. Mjomba alivaa shati la harusi, akisema watu wa serikali huangalia kola kwanza. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na mabenchi ya chuma, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, na watu wameshika vikaratasi vya namba kama wagonjwa. Mama mmoja alikuwa akilalamika juu ya viatu vyake vilivyopimwa pamoja na boksi, pamoja na boksi la boksi.

Karani wa dirisha la kwanza hakuinua macho. Akasema tulipe kwanza, kisha tuandike barua ya malalamiko, itajibiwa ndani ya siku kumi na nne.

Mjomba akamweleza kwamba harusi ni kesho.

"Hongera, mzee," akasema karani.

"Si yangu. Ni ya dada yangu."

"Basi mfikishie hongera zake."

Nilimvuta mjomba mkono kabla hajafungua mdomo. Tukaelekea dirisha la tatu, kwa ofisa wa forodha, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba na sweta licha ya joto. Aliisoma ankara yetu kwa sauti, kama mwalimu anayesoma insha ya mtoro.

"Vifaa vya sauti. Vizito. Viwili." Akatutazama kwa juu ya miwani. "Hizi ni spika za ukumbini. Mna ukumbi?"

"Hatuna hata sebule," mjomba akasema.

Ofisa akafungua faili, akatafuta, akaitoa fomu yangu ya awali. Nikaona maneno yangu matatu yamepigwa chapa katikati ya karatasi nyeupe, yamekaa kifahari, bila aibu. Akauliza ni nani aliyeandika hivi. Nilitamani sana kusema ni mashine.

"Ni mimi, mama."

"Umeandika vizuri," akasema. "Shida ni kwamba umeandika vizuri mno. Huku ghalani, binti yangu, nzito ni kilo."

Masikio yalinichoma. Mjomba, badala ya kunitetea, aligeukia benchi akawaeleza wenye namba zao kwamba mpwa wake ndiye msomi wa ukoo, na kwamba yeye mwenyewe asiyejua kuandika vizuri angeandika vyuma vya kinanda na saa hizi tungekuwa nyumbani. Benchi lote likacheka. Hata mimi nikacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha mambo yakawa mazito kweli. Ofisa akatueleza kwamba mzigo ukishaandikwa, umeandikwa. Unaweza kubadilishwa jina siku hiyohiyo kwa njia moja tu: ufunguliwe mbele ya mwenyewe, na mwenyewe athibitishe kuwa ni kitu kingine. Na kama atashindwa kuthibitisha, unabaki na jina lake, pamoja na ada zake, na siku inaongezeka. Akainua simu ya mezani akaagiza mzigo uletwe.

Tukasubiri. Tukasikia king'ora kidogo kikilia, tii, tii, tii, na mlango mkubwa wa ghala ukafunguka. Ikaingia foklifti, ile mashine ya manjano yenye meno mawili marefu ya chuma ya kubebea mizigo, ikiendeshwa na mwanamume mnene mwenye kofia ngumu na uso wa mtu anayejua kazi yake. Juu ya meno kulikuwa na jukwaa la mbao lenye upana wa kitanda. Katikati ya jukwaa, limefungwa kwa mikanda miwili na kuzungushiwa utepe wa onyo, palikuwa na kiboksi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni.

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi. Halafu yule mama wa viatu akaanza, na baada yake ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Karani wa dirisha la kwanza aliinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akayarudisha haraka.

Dereva hakucheka. Alishusha meno taratibu, akazima mashine, akafungua mikanda, akambebea ofisa kile kiboksi kwa vidole viwili. Ofisa akakikata kwa mkasi. Ndani ya pamba vilikuwa vimelala vibamba viwili vya chuma, kila kimoja kikiwa na ulimi mwembamba uliopigiliwa ncha moja.

"Na sauti ziko wapi?" ofisa akauliza.

"Ndizo hizo, mama."

"Mimi naona vyuma."

Alikuwa na haki. Mjomba akatoa leso, akafuta kibamba cha kwanza pande zote mbili, akakiweka midomoni na kupuliza. Ikatoka hewa. Hewa tupu, fyuuu. Nikamwona akifumba macho. Kama kilikuwa kimeharibika njiani, basi hatukuwa na sauti, hatukuwa na uthibitisho, na kesho mama angeingia kwenye harusi yake kwa mlango wa jikoni. Mjomba akakigeuza kibamba upande wa pili. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kupiga mbizi, akapuliza taratibu.

Ikaanza kama mngurumo wa paka, ikashuka, ikatulia. Sauti pana, ya chini, iliyoingia miguuni kabla ya kufika masikioni. Kwenye kaunta kalamu ilitetemeka ndani ya kikombe. Mjomba akachukua kibamba cha pili, akakipuliza nacho, kisha cha kwanza tena, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na mtoto mchanga aliyekuwa akilia benchi la nyuma akanyamaza kusikiliza.

Alipomaliza, ofisa alivua miwani. Akaomba, kwa adabu kubwa, kama anaweza kujaribu. Mjomba akakifuta kibamba upya, akampa. Alipuliza mara mbili bila mafanikio, mara ya tatu kikanguruma, naye akacheka mpaka akashika kaunta, akasema miaka ishirini na mbili ya kazi hii hajawahi kukagua mzigo kwa mdomo.

"Sasa niandikie jina lake upya," akaniambia, akinisukumia karatasi. "Safari hii mfikirie na mwenye ghala."

Nikashika kalamu. Kitaalamu kitu kile kinaitwa ulimi, nikamwambia, kwa hiyo labda niandike ndimi mbili. Ofisa akatikisa kichwa. Ningeandika ndimi, akasema, ningeukuta mzigo wangu kwenye chumba cha barafu pamoja na nyama, na ningeombwa cheti cha daktari wa mifugo. Basi nikaandika sentensi ndefu, yenye kila kitu: zinatoka kwenye nini, zinafanya nini, haziliwi, hazilipuki, na hazihitaji foklifti. Akaisoma akaipenda, kisha akanionyesha kisanduku cha kompyuta, ambacho kilikuwa na nafasi ya herufi ishirini tu.

Nikameza kiburi changu, nikaandika: Vipuri vya kodiani.

Ushuru ukashuka mpaka ukaonekana wa kibinadamu. Ada ya kuhifadhi ikapigwa upya, maana tulikuwa tumetozwa nafasi ya spika mbili za urefu wa mtu. Ada ya kushughulikia ikabaki, kidogo tu, kama ya kila mtu. Ilipofikia ile ya kunyanyua mzigo mzito, ofisa aliinua kalamu aifute, na hapo dereva wa foklifti akakohoa.

"Mama, samahani. Hiyo kazi nimeifanya."

Ofisa akamwuliza kama kweli alikinyanyua kile kiboksi kwa mashine.

"Mara tatu. Kutoka kwenye lori, kwenda juu ya rafu, na sasa hivi. Karatasi ilisema kizito. Mimi sibishani na karatasi." Akavua kofia yake ngumu. "Na nilikibeba polepole. Niliogopa kisianguke."

Nilikuwa tayari kumjibu, na nilikuwa na maneno. Lakini mjomba alikuwa ameshatoa pochi. Akasema fundi akifanya kazi hulipwa, hata kama viatu havikuwa vimetoboka. Sharti lake lilikuwa moja: stakabadhi iandikwe kwa maneno yangu ya mwanzo, neno kwa neno. Ofisa akaiandika kwa mkono, akagonga muhuri: Kunyanyua sauti nzito mbili, mara tatu. Mjomba akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, kisha akamgeukia dereva.

"Ndugu yangu, kesho saa nne uje na mkeo. Uje usikie ulichobeba."

Mchana ule, nyumbani, mjomba alizibandika sauti kwa nta ya viatu, mimi nikimshikia mvukuto. Mama alipita mlangoni mara tatu akijitia anatafuta ufagio. Mara ya nne akasimama, akamwuliza kaka yake kama amekula. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano, na hayakuhitaji mashahidi.

Jumamosi saa nne, mama alisimama kwenye mlango mkubwa wa ukumbi kwa gauni la rangi ya maziwa, fundi saa akimngoja mbele, akiitazama saa yake kana kwamba ingeweza kumdanganya. Mjomba akakumbatia kodiani. Akaufungua mvukuto, na ile sauti ya kwanza ikatoka, pana, ya chini, ikatandaza sakafu mbele ya mama. Mama akacheka kwa sauti, akainua mguu wa kulia, akaukanyagia. Ikaja ya pili, akakanyaga wa kushoto.

Nilitazama safu ya tatu. Dereva wa foklifti alikuwa amevaa tai, amekaa wima, mikono magotini. Sauti nzito iliporudi tena, alimwinamia mkewe, akamnong'oneza kwa nguvu kiasi cha safu nne kumsikia:

"Hiyo niliibeba mimi."