Kadenas ya Depo kwa Mulango ya Maman Mukandori

Miye Joselyne, muuza serire na kadenas kwa soko ya Kamembe, najulikana kwa mdomo. Ukipita mbele ya meza yangu bila kununua kitu, nakuuliza mbele ya batu: "Papa, kwako mwizi anaingia bure?" Batu banacheka, na mwenye kuulizwa anarudi ananunua.

Lakini kazi naijua, siyo maneno tu. Depo, ghala ya vitu, inataka kadenas, kufuli nzito, ya kufungia kwa inje, ju usiku hakuna muntu mwenye analala ndani ya depo. Nyumba inataka serire, kitasa ya mulango yenye inafunguka hata kwa ndani, ju ndani muko batu. Hiyo somo nimefundisha soko nzima. Na siku moja tu yenye nilipaswa kuikumbuka, nikaisahau miye mwenyewe!

Ilikuwa mwaka wa 2003. Saa mbili ya asubuhi, Feza, mama wa Bukavu mwenye anavusha vitenge kwa mupaka kila siku, alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki kwa njia.

"Joselyne! Gad iko muzima! Nimemuona Bukavu na haya macho!"

Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya bakasimama. Gad ni mutoto wa jirani yangu, Maman Mukandori. Sisi bote tulikomalia Bukavu kabla ya kurudi huku kwetu Kamembe, ngambo ya mupaka. Siku vita iliingia Bukavu, mwaka wa 1996, tulikuwa tunakimbia pamoja, bafurushi kwa kichwa, na kufika kwa kona Mukandori akakumbuka kitu. "Gad, rudia, ufunge mulango." Gad alikuwa na miaka kumi na ine. Alirudia. Nyuma yake njia ikafungika. Sisi tulivuka mupaka, yeye akasukumwa na batu mpaka kule Shabunda.

Tangu ile siku Mukandori alikataa serire. Miaka saba mulango wake ulifungwa na kamba ya ndizi! Jirani ya muuza kadenas! Nilimuomba, nilimugombeza, nikataka hata kumupa bure. Jibu ni moja tu: "Nikifunga, mutoto ataingilia wapi?"

"Lakini haamini," Feza alisema. "Balimwambia mama yake alikufa. Mara mbili batu balimudanganya bamekuja kumupeleka kwake, bakamunyanganya vitu. Anasema atafika kwa daraja ya mupaka, Rusizi II, saa sita. Akiona mama yake na macho, anavuka. Asipomuona, camion ya Shabunda inaondoka saa saba, na yeye anapanda. Hatarudi tena."

Tulikimbia kwa Mukandori. Yule mama alicheza, alilia, akapiga magoti, akasimama tena. Kufika saa ine majirani balikuwa bameleta godoro mupya, blanketi na kuku. Feza akatangulia kwa daraja. Na Mukandori akanishika mukono.

"Joselyne, mwenye nilikuwa naachia mulango anarudi. Leo naweza kufunga. Godoro yake isiibiwe."

Mungu wangu, furaha inaondoa akili! Badala ya kufikiri, nilikamata kadenas kubwa kuliko zote, ile yenye batajiri ba madepo bananunua. Nikaita Papa Mulume, Mushi, kabila ya kule Bukavu, mwenye ananisaidia kuweka serire kwa milango ya batu.

"Papa Mulume, kimbia, umufungie Maman Mukandori kadenas!"

Kwetu, kufunga kadenas ni kuikaza na misumari kwa mulango. Na pia ni kuifunga. Miye nilitaka ile ya kwanza. Mulume alifanya zote mbili. Alikaza vyuma, akaona mulango umerudishwa, ndani kimya. Mukandori alikuwa uwanja wa nyuma, ndani ya ukuta, anaoga. Mulume akawaza: mama ameshaenda kwa daraja. Akafunga, ta! Akatia funguo ndani ya mufuko, akapanda moto, ile pikipiki yake, akaelekea Rusizi II amupatie kule kule.

Saa tano na nusu nilifika kumuchukua. Nikasikia mulango unapigwa.

"Joselyne! Banifungia!"

Mulango ni ubao ya libuyu, muti mugumu kama chuma, dirisha hata kuku haipite, ukuta wa nyuma uko na vioo vya chupa juu. Niliita batu, bakakuja na mawe, na shoka. Papa Cassien, mwenye depo ya mchele, alikuja na nyundo yake kubwa. Alikuwa amenunua kadenas ine kama ile kwangu. Akapiga mpaka jasho ikatiririka.

"Kweli kadenas ya Joselyne ni chuma!" akasema, na alikuwa na furaha ju ya depo yake.

Kidogo na miye nijisifu. Halafu nikaona vidole vya Mukandori vinatoka chini ya mulango.

Sasa niseme siri yangu. Zile kadenas zinakuja kumi na mbili ndani ya karto moja. Siku moja bateja balikuwa hakuna, nikajaribu funguo ya moja kwa ingine. Ikafungua. Nikajaribu ya tatu. Ikafungua! Karto nzima, funguo ni moja. Nilinyamaza. Niliuza, nikasifu, nikaapa. Na ndani ya mufuko ya aproni yangu, pale pale, kulikuwa funguo ya kadenas ingine ya karto ile ile.

Nikiitoa mbele ya Cassien, jina langu limekwisha kwa soko. Nisidanganye, nilisita. Nilisimama pale kama mujinga, mukono ndani ya mufuko, saa inaenda.

"Joselyne," sauti ilitoka ndani, polepole, "ataenda akijua nilikufa."

Basi. Nikaitoa. Nikaingiza. Kadenas ikafunguka bila shida hata kidogo.

Cassien aliangalia funguo, akaangalia kadenas, akaniangalia miye.

"Hiyo funguo ni ya kadenas gani?"

"Ya kadenas yote, Papa. Yako ine pia. Kesho utanitukana mpaka uchoke, leo leta moto yako!"

Na yule mwanaume, Mungu amubariki, alitupa nyundo chini, akapandisha Mukandori nyuma yake. Miye nikarukia moto ingine. Tuliteremuka ile njia kama tumefukuzwa, vumbi ndani ya meno, Mukandori anapiga Cassien mugongo: "Kaza! Kaza!"

Kwa daraja niliona Feza ngambo ya pili, amekamata kijana mmoja murefu kwa shati. Kando yake Mulume, mwenye bado anawaza mama alitoka mbele yake, anainua funguo juu: "Ni miye nilimufungia mama yako mulango, yagirwa, nakuomba, iko njiani!" Kijana hakusikia. Alijikwanyua, akageuka, akaanza kupanda kilima.

Mukandori hakungoja moto isimame.

"Gad! Weye Gad! Nilikutuma kufunga mulango, sikukutuma kulala kule!"

Kijana alisimama. Halafu akakimbia, weh, akapita kizuizi bila kuuliza muntu, na askari bakamuacha, ju na bo balikuwa banacheka na kulia. Alisimama mbele ya mama yake, akavuta kamba shingoni. Mwisho wa kamba kulikuwa funguo ya zamani, imeota kutu.

"Maman," akasema, "nilifunga."

Mukandori alimuangukia. Daraja nzima ilipiga vigelegele, na miye juu ya bote.

Kesho yake Cassien alikuja na kadenas zake ine, akanitukana kama tulivyoahidiana. Nilibadilisha zote, na za bengine, na mdomo wangu ukapungua muezi nzima.

Kisha Mukandori akaweka ile funguo ya kutu kwa meza yangu.

"Nipe serire ya hii."

Batu bananunua serire, banapewa funguo. Huyu alikuja na funguo, anatafuta serire! Nilizunguka mpaka kwa bauza vyuma vya zamani, nikapata moja ya aina ile, ya kufunguka inje na ndani. Mulume akachonga matumbo yake na tupa siku mbili, mpaka ile funguo ikazunguka.

"Sasa niende kumufungia?" akaniuliza, anacheka.

"Weye weka serire tu! Kufunga, baachie benyewe."

Alikaza skrubu ya mwisho, tukatoka inje, miye na yeye. Mulango ukarudishwa. Tukasikia funguo inazunguka polepole, mara mbili, na ilikuwa Gad anafunga kwa ndani, na mama yake kando yake.