Kichupa Kilichokataa Kugeuka

Mama Émérence hakuwa mtu wa kukaa bure. Mjukuu wake Carmel alikuwa ndani ya wodi anawaka homa, mikrobe za mkojo zimeingia katika damu, na dawa mbili za famasi zimeshindwa. Basi alipomwona Wilfried wa labo, mpimaji wa hospitali, akipanga vichupa vitano dirishani, akamuuliza ni vya nini.

"Ni mukojo wa Carmel, Mama. Kila kichupa na dawa yake, pamoja na rangi ya bluu. Tutaangalia kama itageuka roze, rangi ya waridi. Jioni tutajua dawa gani ya kumupa. Zamani tulikuwa tunangoja siku tatu."

"Siku tatu yeye hana, Papa."

Wilfried alitaka kueleza zaidi, ila aliitwa, akaenda.

Maelezo ya nini? Kalemie nzima inajua: dawa ikigeuza mkojo rangi, inafanya kazi. Émérence akatoa rozari, akaanza kuvisukuma vichupa kwa maombi vigeuke.

Cha kwanza kikageuka roze. "Asante Yesu!" Cha pili, cha tatu, cha nne. "Ndiyo Bwana, usichoke!" Kikabaki cha tano, bluu vilevile, kichwa kigumu kama marehemu mume wake. Akakikemea. Akakiita shetani. Akakishitaki kwa Bikira Maria na kwa mapadri wote waliozikwa misioni ya Mpala.

Wilfried akarudi, akainama, akashusha pumzi. "Imebaki moja tu."

"Usiwe na wasiwasi, Papa. Hiyo moja niko naishugulikia."

"Hapana, Mama! Roze ni kusema mikrobe ziko hai, zinakula, zinapumua, dawa haikuziweza. Hii ya bluu zimenyamaza. Hii njo dawa ya Carmel."

Émérence akakaa chini. "Na kama ingegeuka?"

Wilfried akaangalia kabati la dawa. "Hatuna ingine, Mama."

Ole wake! Mchana kutwa alikuwa anaombea mikrobe, tena kwa bidii. Woga ukamshika, woga wa kweli, hata rozari hakuthubutu kuigusa.

Carmel akachomwa sindano ya dawa ile ya tano. Kesho yake homa ikashuka, mtoto akaomba ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, kisha akanung'unika kwamba ndagala ni chache. Émérence akalia mbele ya wagonjwa wote bila haya.

"Mungu amesikia maombi yako, Mama," muuguzi akamwambia.

Émérence akapangusa macho. "Hapana, mwanangu. Ametuhurumia, hakuyasikia."