Chupa ya Mwani Dirishani kwa Hamida

Chupa ilikuwa dirishani, kati ya kopo la chumvi na sufuria iliyofudikizwa, maji yake ya kijani kama mchicha uliopondwa. Kokushubila aliiona, akasimama katikati ya jiko la Mama Hamida, huko Mbagala.

Mwani ule alikwisha kuuhesabu miongoni mwa wafu. Mwezi uliopita alichora ramani ya DNA ya kloroplasti zake, vile vyumba vidogo ambamo mwani hujipikia chakula kwa jua. Alitarajia makundi mawili ya jeni za RNA ya ribosomu, ule mtambo wa kuunda protini, yakitazamana. Akakuta matatu, yamefuatana kama watu kwenye foleni. Msomi wetu hakujiuliza mara mbili: sampuli imechafuka, chupa zote zimwagwe. Mama Hamida, mwosha vyombo wa maabara, aliuliza kama isingefaa kubakiza moja.

"Wewe kazi yako ni kuosha," alimjibu mama wa umri wa kumzaa.

Majuto ni mjukuu. Baada ya wiki, Dakta Ansbert, msimamizi wake, alimweleza kwamba zipo aina za mwani zinazopanga jeni hizo vivyo hivyo. Tasnifu ingepita, ila kwa sharti la kurudia kipimo kwa mwani hai. Na dimbwi la Tegeta walikouchota lilikwisha kufukiwa, nyumba inapanda juu yake. Mama Hamida alimkuta analia kwenye sinki, akamwambia amfuate nyumbani.

"Kwetu Newala mbegu haimalizwi yote, hata ikikuudhi," alisema sasa, akiifuta chupa vumbi. "Mie nilikuwa naihamisha tu, ifuate jua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umeshanijibu."

Kokushubila alipiga goti palepale sakafuni akaomba radhi, na moyo wake ukajaa shukrani hadi ukamuuma.

Kipimo kiliporudiwa, makundi yalikuwa matatu, yamefuatana. Dakta Ansbert aliyahesabu kwa kidole kwenye ramani.

"Bahati yako," alisema. "Nani aliutunza?"

Ingetosha kutaja jina. Kokushubila aligeuka kuelekea kwenye sinki la maabara, alikokuwa akiosha vyombo yule mama, akapaza sauti kidogo.

"Mama Hamida, Dakta. Mie niliamuru umwagwe. Akanishauri, nikamtukana."

Mama Hamida hakugeuka. Aliendelea kuisuuza chupa iliyokwisha takata, akaisuuza tena, na maji yakaachwa yatiririke.